Madubwana ya Kijapani na Udongo wa Iringa Mvumi



Ndugu zangu wapendwa, juma hili nilikusudia kuendelea na tafakari yetu juu ya Sakramenti ya Kitubio, lakini nalazimika kuiahirisha. Nimeletewa shauri, na shauri hilo limenichoma mimi kuliko walioleta walivyotarajia.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, wazazi watano wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogondogo walinijia ofisini. Mkononi walikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na tamthilia ya runinga kutoka Japani ambayo watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wamekuwa wakirushiana na kuitazama. Mama mmoja ninayemheshimu sana akasema: "Baba Paroko, haya ni mapepo. Watoto wanaigiza hata hapa uani kwa kanisa. Tunaomba Jumapili ijayo utamke altareni kwamba ni marufuku." Baba mmoja akaongeza kuwa amesikia watengenezaji wa picha hizo wamefunga agano na Shetani. Nikawaahidi kwamba nitatazama kwanza, ndipo nitamke. Nimetazama kwa usiku nne, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha hadi macho yakauma. Leo natamka, ila sitatamka waliyoyataka.

Kwa wale wasioifahamu, tamthilia hiyo inaitwa Ultraman. Ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 17 Julai 1966 kwenye kituo cha TBS, ikiwa na sehemu 39, na tangu hapo imezaa nyingine nyingi hata leo. Mambo yake ni yale yale kila juma: dubwana linatokea baharini au mlimani na kuubomoa mji, kikosi cha walinzi kinapigana nalo na kushindwa, kisha anatokea jitu mwema wa rangi ya fedha na nyekundu, urefu wake mita 40, yaani kama mibuyu miwili mirefu ya kwetu Ugogo ikipandana, naye analiangusha. Hawezi kukaa duniani katika umbo lake zaidi ya dakika tatu hivi. Taa iliyoko kifuani huanza kumetameta nguvu zinapomwishia. Ukweli ni kwamba yule ni mtu ndani ya vazi la mpira, anayerushana mieleka na mtu mwingine ndani ya vazi la mpira, katikati ya vinyumba vya kuigiza vinavyofika kiunoni. Mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Wasiolijua, inaonekana, ni wazazi wake.

Nakubali lawama zinazostahili. Ngumi ni nyingi mno. Mtoto anayetazama hadi saa sita za usiku hatamsikia mwalimu asubuhi, na aliyempa simu saa hizo si Mjapani. Tena kampuni zinauza wanasesere wa madubwana hayo, na biashara hiyo haitofautiani na biashara nyingine za kuwalenga watoto. Kwa hayo, wazazi, mnayo mamlaka kamili nyumbani kwenu na hamhitaji tamko langu.

Lakini hili la agano na Shetani nalikataa. Mwasisi wa Ultraman ni Tsuburaya Eiji, aliyezaliwa mwaka 1901 huko Sukagawa, mkoa wa Fukushima, ambaye kabla ya hapo alikuwa amesanifu picha za ajabu za filamu ya Godzilla ya mwaka 1954. Alifariki Januari 1970. Mtu huyu alikuwa Mkatoliki mwenzetu, na kaburi lake limo katika makaburi ya Wakatoliki huko Fuchu, Tokyo. Sisemi kwamba ubatizo wa fundi hutakasa kila kitu anachokitengeneza. Tungekuwa na mengi ya kueleza juu ya mafundi wetu wenyewe. Wala siungani na wale wanaodai kwamba mikono ya Ultraman anapoikutanisha kurusha mwali wake ni alama ya Msalaba. Nasema tu kwamba tumemsingizia marehemu mbatizwa, na dhambi hiyo ina jina katika Amri za Mungu, ni ya nane.

Sasa sikilizeni hadithi yenyewe. Katika sehemu ya kwanza, jitu huyu anakuja duniani akilifukuza dubwana, na kwa bahati mbaya anagongana angani na ndege ya kijana mmoja, Hayata, naye Hayata anakufa. Mwenye nguvu yule angeweza kwenda zake, nani angemdai? Badala yake anaunganisha uhai wake na wa marehemu ili kijana aishi. Katika sehemu ya mwisho, jitu anashindwa na kuanguka, na binadamu wanalimaliza dubwana kwa silaha yao wenyewe. Mwenzake wa nchi yake anapokuja kumchukua, yeye anaomba uhai utakaotolewa apewe Hayata. Mnaokumbuka Yohane 15:13 hamhitaji nieleze zaidi.

Hata hivyo sikuandika leo ili kuisifu picha ya Kijapani. Nimeandika kwa sababu ya sehemu mbili ambazo zilinikosesha usingizi.

Ya kwanza ilionyeshwa Desemba 1966. Dubwana lake linaitwa Jamila. Mwandishi, Sasaki Mamoru, alilichukua jina hilo kwa mwanamke wa Algeria aliyepigania uhuru wa nchi yake dhidi ya Wafaransa. Mtazamaji anakuja kugundua kwamba Jamila hakuzaliwa dubwana. Alikuwa mwanadamu, rubani wa chombo cha anga kilichopotea na kuangukia sayari isiyo na maji. Taifa lililomtuma likaficha habari ili lisiaibike, wala halikumtafuta. Kwa kiu na upweke mwili wake ukageuka. Alirudi duniani akiwa na hasira, na amri ikatoka kwamba auawe kimyakimya kama dubwana jingine lolote, dunia isijue alikuwa nani. Akauawa kwa maji. Aliyenyimwa maji alimalizwa kwa maji, akigaagaa matopeni na kulia kama mtoto mchanga mbele ya bendera za mataifa. Sisi wa nyanda hizi za kati, tunaohesabu mawingu ya Novemba na kuchimba mchanga wa korongo tukitafuta ndoo moja, tunaweza kumwelewa Jamila kuliko watu wa Tokyo.

Ya pili imo katika tamthilia iliyofuata baadaye, Kurudi kwa Ultraman, nayo ilionyeshwa tarehe 19 Novemba 1971. Yupo mvulana yatima anayeishi kwenye kibanda kando ya mto. Kila siku anachimba mashimo. Watu wa mji hawajui anachimba nini, na kwa kuwa hawajui, wamekata shauri kwamba ni kiumbe wa sayari nyingine. Vijana wanamfukia hadi shingoni na kummwagia maji ya matope. Kwa kweli mgeni wa sayari nyingine yupo, lakini ni mzee mmoja mgonjwa aliyemo kibandani, aliyemwokota mvulana huyo alipokuwa akifa kwa njaa na baridi na kumfanya mwanawe. Alikuja duniani kuchunguza hali ya hewa. Chombo chake alikificha ardhini, naye mvulana anachimba akikitafuta ili mzee arudi kwao. Nguvu za mzee ndizo pia zinazolifunga dubwana moja lisitoke ardhini.

Siku moja watu wa mji, wakiwa na marungu na fimbo, wanakuja kumkamata mvulana. Mzee anatoka kibandani na kusema kwamba wanayemtafuta ni yeye, wamwachie mtoto. (Someni Yohane 18:8, kisha mniambie aliyefunga agano na Shetani ni nani.) Askari polisi anampiga risasi mbele ya mtoto, na mzee anakufa. Hapo dubwana linatoka, kwa kuwa aliyelizuia hayupo tena. Umati ule ule unamkimbilia shujaa na kumlilia awaokoe. Shujaa anasimama. Kwa kitambo kirefu hataki kupigana, kwa maana anaona wazi kwamba dubwana hili wameliita wao wenyewe.

Mwandishi wa sehemu hiyo, Uehara Shozo, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mzaliwa wa Okinawa, visiwa vilivyokuwa bado chini ya utawala wa Marekani alipoiandika, naye alijua maana ya kuhesabiwa mgeni. Alieleza kwamba moyoni alikuwa na mauaji ya mwaka 1923. Tarehe 1 Septemba mwaka huo tetemeko kubwa liliiangamiza Tokyo na Yokohama, na katika majivu yale ukavuma uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Raia wa kawaida walishika mapanga na mianzi iliyochongwa, wakaweka vizuizi barabarani, wakawaua Wakorea kwa maelfu. Askari nao walishiriki. Hapakuwa na sumu visimani.

Ndugu zangu, nilipofika hapo niliizima simu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutoka Japani. Nilikuwa Chamwino.

Tarehe 1 Oktoba 2016, siku ya Jumamosi, watumishi watatu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Selian, Arusha, yaani watafiti wawili na dereva wao, walikuwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wetu huu wa Dodoma. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Udongo wetu, ili ijulikane unahitaji nini uweze kuzaa mtama na uwele kwa mvua zetu chache. Kelele zikapigwa kwamba wamekuja wanyonya damu, mumiani. Umati ukakusanyika. Wakakatwa mapanga na kuchomwa moto.

Mgeni aliyekuja kuchunguza hali ya hewa. Wageni waliokuja kuchunguza udongo. Yule Mjapani aliandika miaka 45 kabla, kwa ajili ya watoto.

Sasa niulize: katika mwezi ule wa Oktoba 2016, ni wazazi wangapi walifika ofisini kwa padre wao wakidai neno "mumiani" lipigwe marufuku altareni? Simtanii yeyote. Kwa picha ya mpira tunaandamana watano. Kwa uvumi ulioua watu watatu waliobatizwa jina la shetani na majirani zetu, tulinyamaza, na wengine kati yetu, nathubutu kusema, tuliunong'ona.

Wa kwanza kunyamaza ni mimi. Mwaka ule nilikuwa padre msaidizi katika parokia nyingine. Jumapili iliyofuata, tarehe 9 Oktoba, habari zilikuwa zimekwisha kutapakaa kila mahali. Liturujia ya siku ile ilikuwa Dominika ya 28 ya Mwaka C. Injili ilikuwa ya wakoma kumi, ambao ni mmoja tu aliyerudi kushukuru, na Bwana mwenyewe akamwita mgeni. Somo la kwanza lilikuwa la Naamani wa Shamu, mgeni aliyeponywa ukoma mtoni Yordani. Fungueni 2 Wafalme 5:17 mwone Naamani aliomba nini kabla ya kurudi kwao. Aliomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili. Mtu wa Mungu akamwacha aende kwa amani.

Nililisoma somo hilo, nikasimama mimbarini siku nane baada ya watu kuuawa kwa sababu ya udongo, nikahubiri dakika ishirini juu ya kushukuru, nikatoa tangazo la harambee ya mabati. Neno moja juu ya Iringa Mvumi sikulitamka. Niliogopa. Nilijua kwamba katika mabenchi yale wapo wanaoamini mumiani, na sikutaka mzozo Jumapili.

Kwa hiyo msinitake leo nipate ujasiri dhidi ya Ultraman.

Najua mtakayonijibu. Wapo watakaosema: "Lakini Padre, wazee wetu hawakuwa wajinga. Mumiani walikuwapo." Nawaheshimu wazee. Neno lenyewe ni la kale. Limetoka Uajemi, likiwa jina la dawa nyeusi kama lami, na watu wa pwani wakasema dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki yote, na walioshutumiwa walikuwa Wazungu na waajiriwa wao, hata wazima moto. Ninaelewa ulipoanzia. Nchi hii ya Ugogo ilipitiwa na misafara ya watumwa na pembe. Kisha ikapitiwa na majeshi ya wakoloni waliochukua wapagazi, ng'ombe na nafaka. Watu walionyonywa kweli walisema kweli yao kwa mfano wa damu. Lakini watu watatu wa Selian hawakuwa wamemnyonya yeyote, na mfano haubebi panga. Panga linabebwa na mtu mwenye jina la ubatizo. Wala si kwetu tu: mwaka 2017 uvumi uo huo uliwaka kusini mwa Malawi, huko Mulanje na Phalombe, watu wakauawa na umati, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika maeneo hayo.

Na msiseme kwamba madubwana ni kitu cha kigeni kilicholetwa na simu. Bibi zetu walitusimulia ya Nunda mla watu, nasi tulilala vizuri baada ya hapo. Mnakumbuka Nunda alianzia wapi? Hakutoka msituni. Alikuwa paka wa nyumbani kwa Sultani. Alianza na mnyama wa kufugwa, na watu waliposhtaki, Sultani akasema paka ni wake na mnyama ni wake, aachwe. Akaendelea na mifugo mikubwa, jibu likawa lile lile, hadi alipowala wana wa Sultani mwenyewe na kuingia msituni akiwa dubwana. Uvumi wa mumiani ndiye paka wetu. Tunamlisha sebuleni, tunacheka naye kwenye msiba, tunamtisha naye mtoto asiyetaka kulala, kisha anapotoka nje na kuua tunasema ni wananchi wenye hasira kali. Paka huyo ana ndugu zake: ule mwingine unaomwita mchawi kila bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na ule uliowawinda ndugu zetu wenye ualbino.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kuwa zito: je, akija mgeni ambaye kweli ni adui? Wapo matapeli, wapo wezi wa watoto. Jibu moja ni la sheria: yupo mwenyekiti wa kijiji, yupo mtendaji, kipo kituo cha polisi, mgeni aulizwe barua yake. Jibu jingine nililikuta, msishangae, katika tamthilia nyingine ya jamii hiyo, Ultraman Ace, iliyoisha mwaka 1973 kwa sehemu iliyoandikwa na Mkristo, Ichikawa Shin'ichi. Watoto wanamtesa mtoto wa sayari nyingine. Shujaa anawakemea, nao wanamhurumia na kumhifadhi. Kumbe mtoto yule kweli alikuwa adui aliyejigeuza. Watoto walidanganywa wema wao. Nilidhani mwandishi atawaambia basi, mmejifunza, msihurumie tena. Shujaa anapowaaga anawasihi wasiupoteze upole wao na waendelee kutafuta urafiki na watu wa kila nchi, hata wakisalitiwa mara mamia. Katekista gani kati yetu amethubutu kusema hivyo kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza?

Jumanne jioni nilimwuliza mtumishi mmoja wa altare, mwenye miaka kumi, ameona nini katika picha hizo. Nilitarajia aniambie ngumi. Aliniuliza: "Padre, kwa nini polisi alimpiga risasi yule babu, na yeye hakuwa amefanya kitu?" Sikumjibu vizuri. Nilimwambia ni picha tu.

Basi utaratibu ni huu. Jumamosi ijayo saa nane mchana, baada ya kipindi cha Utoto Mtakatifu, sehemu ile ya mwaka 1971 itaonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Mimi nitasimama mbele na kuwatafsiria kwa Kiswahili kama alivyokuwa akifanya Lufufu katika mikanda ya video, ingawa sina kipaji chake. Wazazi watano walionijia nawaomba wakae mstari wa mbele, pamoja na watoto wao. Wenyeviti wa jumuiya zote wafike pia.

Na tarehe 1 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, Misa ya asubuhi itaadhimishwa kwa ajili ya marehemu watatu waliokuja kuangalia udongo wetu. Nia hiyo nilipaswa kuisoma mwaka 2016. Wenye mashamba, njooni na udongo kidogo katika kikapu. Tutaupeleka altareni pamoja na vipaji.

Wenu katika Kristo,
Paroko